Mfupa Nao Una Fito Zake

Ndugu msomaji, siku moja ya soko baba mmoja wa kijiji cha jirani alinishika mkono akaniketisha kando, chini ya mwembe. Alikuwa amechukua simu ya binti yake. Ndani ya simu ile mlikuwa na habari kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanatengeneza nyuzi ambazo zikiwekwa mahali palipopotea mfupa, mfupa mwingine huota. Akaniuliza, "Mwanangu daktari, wakizileta nyuzi hizo, mguu wa kijana wangu utapona?"

Watu wa huku Matiri hutuita madaktari hata sisi tulio na cheti tu. Mimi ni mganga msaidizi, na umri wangu bado haujafika miaka 30. Swali la mzee yule lilinichoma moyo kwa sababu mguu wa kijana wake naujua vizuri. Mimi ndiye niliyeushona.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, katika zahanati nyingine. Kijana yule aliletwa usiku. Alikuwa ameanguka na pikipiki iliyobeba magunia ya mahindi, mfupa wa muundi umevunjika na ncha yake imetoboa ngozi ikatokeza nje. Damu ilikuwa nyingi. Mama yake alikuwa analia. Nami nilitaka jeraha lile lifungike upesi, lisionekane tena. Nikaliosha kidogo, nikarudisha ngozi juu ya mfupa, nikashona, nikafunga bandeji nyeupe. Kwa macho kazi ilipendeza, na ndugu zake walinishukuru sana. Mvua ilikuwa inanyesha na gari halikuwapo, kwa hiyo asubuhi wakamchukua kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Siku ya tisa wakamrudisha kwangu akiwa na homa kali. Nilipokata nyuzi zangu, usaha uliotoka ungeweza kujaza bakuli. Hospitalini walilazimika kuondoa kipande cha mfupa uliokufa, urefu wa vidole vinne. Leo ni mwaka wa tatu, kijana anatembea kwa mkongojo, na kuna tundu katika muundi wake ambalo hutoa usaha, hukauka, kisha hutoa tena.

Wengine wamemlaumu mzee wa mifupa. Mimi najua kosa la kwanza ni langu. Chuoni tulifundishwa kwamba jeraha lililo juu ya mfupa uliovunjika halishonwi siku ile, huachwa wazi chini ya kitambaa safi hadi lisafishwe hospitali. Nililijua jambo hilo na nililiandika katika mtihani. Usiku ule niliogopa.

Basi ili nimjibu mzee yule, na wewe pia ndugu msomaji, hatuna budi kwanza kuelewa mfupa ni kitu gani. Jaribu jambo hili nyumbani, watoto watalifurahia. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku, uitoe nyama yote. Mmoja utie katika chupa ya siki, ubadilishe siki kila baada ya siku mbili. Wa pili utie katika makaa ya moto hadi ugeuke mweupe kabisa. Baada ya juma moja hivi utoe ule wa siki. Utaona umekuwa laini, unapinda kama mpira na hauvunjiki. Ule wa motoni nao umebaki na umbo lake, lakini ukiubana kwa vidole unasagika kama chokaa ya ukutani.

Kwa nini imekuwa hivyo? Siki imeondoa madini ya chokaa, zimebaki nyuzi. Moto umeunguza nyuzi, yamebaki madini. Mfupa ni vitu hivyo viwili pamoja, na ndivyo tunavyojenga nyumba zetu. Kwanza tunasimamisha nguzo na kufunga fito, kisha tunakandika udongo. Udongo bila fito huporomoka kwa mvua ya kwanza. Fito bila udongo huyumba kwa upepo. Uzito wa mfupa mkavu ni karibu theluthi mbili madini, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nyuzi hizo. Zinaitwa kolajeni.

Kolajeni si kitu kigeni. Ndiyo inayoshika ngozi yako isipasuke ovyo, ndiyo iliyo katika kano na katika gegedu la sikio. Ukipika makongoro ya ng'ombe, mchuzi ukipoa unaganda. Kinachogandisha ni kolajeni iliyolegezwa na moto. Mwaka 1954 wataalamu wawili wa India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, waliokuwa wakifanya kazi Madras, walionyesha kwamba uzi mmoja wa kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Mtu aliyewahi kusokota kamba ya katani ataelewa mara moja kwa nini kitu chembamba namna hiyo kina nguvu.

Sasa mfupa ukivunjika, mwili hujenga kwa utaratibu uleule wa fito na udongo. Damu hukusanyika palipovunjika na kuganda. Mishipa midogo ya damu huingia, na pamoja nayo chembe hai za ujenzi. Chembe hizo hutandaza nyuzi za kolajeni kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baadaye madini hukaa juu ya nyuzi hizo. Ndiyo maana mtu aliyevunjika mguu juma la tatu huhisi maumivu yamepungua, akadhani amepona, akatupa mkongojo. Hajapona. Fito zimefungwa lakini nyumba haijakandikwa. Mfupa wa muundi wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi.

Lakini kipande cha mfupa kikipotea kabisa, chembe za ujenzi hazina pa kushika. Pengo la sentimeta 2 au 3 katika muundi mara nyingi huushinda mwili. Huwezi kukandika udongo katika tundu la ukuta lisilo na fito, udongo utaangukia ndani. Hapo ndipo wataalamu walipojiuliza, je, tukimsaidia mgonjwa kwa kumfungia fito sisi wenyewe?

Mwaka 1965 daktari Marshall Urist wa Los Angeles, Marekani, alieleza jambo lililowashangaza wengi. Alichukua mifupa ya wanyama akailoweka katika tindikali hadi madini yakatoka, kama wewe ulivyofanya kwa siki. Mabaki yake akayapandikiza ndani ya misuli ya sungura na wanyama wengine, mahali ambapo mfupa hauoti. Baada ya majuma kadhaa ndani ya msuli kukaota mfupa mpya. Kumbe katika nyuzi zile kulikuwa pia na protini fulani, chache sana, zenye kuziamsha chembe hai zianze kujenga mfupa.

Tangu hapo kazi imeendelea. Kano au ngozi ya mnyama husafishwa, huondolewa mafuta, hulainishwa katika tindikali hafifu hadi iwe kama uji. Uji huo hugandishwa kwa baridi kali, kisha barafu huondolewa ikiwa mvuke bila kupita kwenye maji. Kinachobaki ni kitu chepesi chenye vitundu, mfano wa sifongo. Wengine huuvuta uji ule ukawa nyuzi nyembamba wakazisuka, wengine huzipaka madini yaleyale yaliyo katika mfupa. Vitundu vikiwa vidogo mno, mishipa ya damu haipiti. Nyuzi zikiyeyuka upesi mno, fito zimeoza kabla ya udongo kukauka. Tena kolajeni peke yake ni laini, haibebi mwili wa mtu. Hata ikiwekwa, lazima pawe na chuma cha kuushikilia mguu mpaka mfupa ukomae.

Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu sifongo ya kolajeni itokanayo na kano za ng'ombe, iliyoloweshwa protini mojawapo ya zile, itumike katika uti wa mgongo. Mwaka 2004 ikaruhusu itumike katika muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Soma tena hapo, ndugu msomaji. Ni jeraha lilelile la kijana wetu. Lakini mwaka 2008 mamlaka hiyohiyo ilitoa onyo, kwa kuwa baadhi ya watu waliowekewa shingoni, jambo ambalo halikuwa limeruhusiwa, walivimba hata wakashindwa kumeza na kupumua. Na bei yake ni maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja.

Mwenzangu wa kazi alisoma makala hii kabla sijaituma, akacheka. Akasema, "Unawaeleza watu wa Matiri habari za kolajeni, na sisi juma lililopita gozi ziliisha?" Ni kweli ziliisha. Lakini sikubaliani naye kwamba habari hizi hazituhusu. Mwananchi akielewa kwamba mfupa hujengwa na chembe hai zinazoletwa na damu, ataelewa mwenyewe kwa nini mabanzi yasikazwe mno. Akielewa kwamba fito zinaoza, ataelewa kwa nini mavi ya ng'ombe hayapakwi kwenye jeraha. Kumwambia tu "usifanye" tumekwisha kumwambia miaka mingi, na hatuoni mabadiliko makubwa.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa nguvu. Nyuzi za kolajeni, hata zije bure kesho, haziwezi kuota mahali penye usaha. Vijidudu huzila kama mchwa wanavyokula fito. Haziwezi kuota pasipo na damu, wala kwenye mguu unaochezacheza. Kwa hiyo saa chache za kwanza baada ya ajali, hapa kijijini, mikononi mwako na mwangu, ndizo zinazoamua kama mtu atahitaji nyuzi hizo au hatazihitaji kabisa. Na kama atazihitaji, ndizo zinazoamua kama zitamfaa.

Ukimkuta mtu amevunjika mguu na mfupa umetoboa ngozi, usiusukume mfupa urudi ndani. Usitie majani, majivu, mafuta ya taa wala udongo. Funika jeraha kwa kitambaa kilicho safi kuliko vyote ulivyo navyo, ubane panapotoka damu. Funga mguu kwa mbao au miti iliyonyooka, ndefu kiasi cha kupita kiungo cha juu ya mvunjiko na kiungo cha chini yake, na uweke nguo laini katikati. Kisha tazama vidole vya mguu. Vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, havihisi, au akilia kwa uchungu unapovinyoosha, legeza kamba mara moja. Mlete upesi. Dawa ya kuua vijidudu hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa ya kwanza, na zahanati yaweza kuianza kabla ya safari, pamoja na sindano ya pepopunda. Usingoje mpaka mchango wa gari utimie ndipo umlete kwetu.

Juu ya wazee wanaounga mifupa, nitasema kwa heshima. Wapo wenye mikono mizuri, na mtoto aliyeanguka mwembeni akavunjika mkono bila jeraha hupona kwao mara nyingi, kwa sababu mfupa wa mtoto una bidii ya kujiunga. Siwaombi waache kazi yao. Naomba mambo mawili, kwamba penye jeraha wasiguse bali walete, na kwamba mianzi yao waitazame asubuhi na jioni isibane. Huko Ethiopia madaktari waliwafundisha waunga mifupa kwa siku moja tu, na taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2005 ilionyesha kwamba watu waliokatwa viungo kwa sababu ya kufungwa mno walipungua. Siku moja! Sisi tunakaa siku nzima katika vikao vya mambo madogo kuliko hilo. Mzee yule aliyemhudumia kijana wangu nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakunikaribisha kiti. Mara ya pili alinipa ugali.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Kwenye masoko yetu wamefika watu wenye makopo ya unga wa kolajeni, wanasema unaunga mifupa na kuondoa maumivu ya magoti. Kopo moja linauzwa bei ya mfuko mzima wa mbolea. Ndugu msomaji, kolajeni unayoila huvunjwavunjwa tumboni kama chakula kingine chochote chenye protini. Haisafiri ikiwa nzima hadi mguuni. Supu ya makongoro ni nzuri, kunywa ukiipata, lakini usiuze mahindi ya watoto kununua kopo. Mwili wako unajua kusokota nyuzi wenyewe ukipewa maharage, dagaa, mayai, na pia mapera, machungwa au mapapai. Matunda hayo yana vitamini C, na bila vitamini C nyuzi tatu zile hazisokotani vizuri. Zamani mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda, vidonda vyao vilivyokwisha pona vilifunguka upya. Na anayevuta tumbaku ajue kwamba mfupa wake huchelewa kuunga. Nasema hivyo nikijua kwamba mkoa wetu wa Ruvuma unalima tumbaku.

Je, nchi yetu izitengeneze nyuzi hizi? Mimi nasema ndiyo, ila kila jambo kwa zamu yake. Tunachinja ng'ombe na mbuzi, na ngozi nyingi huozea machinjioni. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli hutupa ngozi na magamba ya samaki, na kolajeni ya samaki wa maji ya joto hustahimili joto la mwili wa mtu kuliko ile ya samaki wa bahari za baridi. Katika mji wa Fortaleza, Brazili, madaktari wamewafunika watu walioungua moto kwa ngozi ya samaki wa jamii ya perege iliyosafishwa. Madras, ambayo sasa huitwa Chennai, ina taasisi ya utafiti wa ngozi, na wataalamu wake wametengeneza vifuniko vya vidonda kutokana na kolajeni ya wanyama. India haikungoja itajirike kwanza. Sisi tunafundisha teknolojia ya ngozi Mwanza, katika tawi la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na tuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Watu hao wakikutanishwa wanaweza kuanza.

Lakini nikiulizwa fedha ya mwaka huu iende wapi, nitajibu bila kusita kwamba iende kwenye dawa za vijidudu zisizoisha zahanati, mabanzi, maji safi ya kutosha kuoshea jeraha, na gari linalofika wakati wa masika. Baada ya hapo, vyuma. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle, linatengeneza vyuma vya kupitishwa ndani ya mfupa ambavyo daktari huweza kuviweka bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na Muhimbili wamevitumia kwa wagonjwa wengi. Hiyo ndiyo akili ninayoipenda, kitu kilichofikiriwa kwa ajili ya mahali penye upungufu.

Sasa nirudi kwa mzee wangu chini ya mwembe. Nilimwambia ukweli wote, na habari ya kushona pia, kwa maana alikuwa hajui. Alinyamaza muda mrefu. Nikamweleza kwamba mguu wa kijana hauhitaji kungoja nyuzi za Ulaya. Kwanza usaha ukome, na ili ukome lazima daktari bingwa afungue, aondoe mabaki ya mfupa uliokufa, na apewe dawa kwa majuma kadhaa. Usaha ukishakoma, pengo laweza kujazwa kwa vipande vya mfupa wa nyonga ya kijana mwenyewe, ambavyo tayari vina nyuzi, madini na chembe hai ndani yake, na hakuna sifongo ya dukani iliyovishinda kwa hakika. Au laweza kuzibwa kwa njia ya daktari Ilizarov wa Kurgan, Siberia, ya kukata mfupa na kuuvuta polepole kwa pete za chuma, milimita moja kwa siku, mwili ukijaza nyuma yake.

"Milimita moja?" akauliza. Nikamwonyesha kwa ukucha.

Alitaka kujua kama kuna uhakika. Nikamwambia hapana, na kwamba itachukua zaidi ya mwaka, na mguu waweza kubaki mfupi kidogo. Akaniuliza tena kama nyonga itauma. Nikasema itauma. Jumatatu walikuja wote wawili zahanati, kijana na baba yake, nami nikawaandikia barua ya rufaa. Mahali pa kuandika historia ya ugonjwa niliandika kwamba jeraha lilishonwa siku ya kwanza, na nikaandika ni nani aliyelishona.

Kijana alipotoka mlangoni aligeuka akaniuliza kama kule aendako chuma atakachowekewa kitalia akipita uwanja wa ndege. Tulicheka sote, hata baba yake.

Lori la mahindi lilikuwa linaondoka saa nane.